Ripoti ya mazingira ya timbo imeletwa kijijini: inasomwaje, na saini zetu zina kazi gani?

mwana_wa_mkwajuni aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni wa Kaunti ya Kilifi, upande wa bara, mbali kidogo na bahari. Kuna kampuni inayotaka kufungua timbo la kokoto kwenye kilima kilicho nyuma ya kijiji chetu. Watapasua mwamba kwa baruti, waweke na krasha, ile mashine ya kusaga mawe, hapo hapo. Naibu wa chifu amepita akitangaza kwamba Jumamosi kuna baraza chini ya mkwaju, "watu wa mazingira" watakuja kutueleza mradi.

Sasa kijana mmoja wa hapa kwetu anayewasaidia hao watu amenirushia rasimu ya ripoti kwa WhatsApp. Ni kurasa mia mbili na ushei, Kiingereza kitupu, na ramani ambazo kwenye simu yangu ni madoa tu. Nimejitahidi kusoma hivyo hivyo. Kilichonishtua kiko sura ya saba. Imeandikwa kwamba wenyeji walifanyiwa mkutano, wakaupokea mradi kwa moyo mkunjufu, ombi lao likawa ajira kwa vijana. Mkutano gani? Baraza lenyewe ni Jumamosi hii!

Chini ya kilima kuna kisima cha mama yangu, kilichimbwa kwa mkono enzi za babu, na hakijawahi kukauka hata kiangazi kikali cha Februari. Nyumba kama arobaini huteka hapo. Kando yake kuna shule ya msingi, na juu kidogo makaburi ya wazee wetu. Kisima sikukiona popote kwenye ripoti. Shule wameitaja mara moja. Makaburi hakuna.

Nyumbani tumegawanyika. Mama anasema tusiende kabisa, maana ukienda utasainishwa na saini itageuzwa kuwa kibali. Mjomba anasema tusipokwenda wataandika kwamba tulikubali wote. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: hii ripoti kazi yake ni nini hasa? Imeandikwa na NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, au na kampuni? Ikishaandikwa ndiyo basi? Na Jumamosi niseme nini?

pweza_mkavu alijibu:

Pole ndugu. Hizo ni karatasi za kutafutia leseni tu. Mwenye pesa ashapita, nyinyi mnaitwa mpige makofi. Nendeni mnywe soda mrudi nyumbani.

wakili_mtarajiwa alijibu:

Pweza, maneno yako yanamsaidia nani?

Mwana wa Mkwajuni, niko mwaka wa mwisho wa sheria, kwa hiyo hili lichukue kama msaada wa masomo, si ushauri wa wakili. Utaratibu huu ulianzia Marekani, kwenye sheria inayoitwa NEPA ambayo Rais Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970. Wazo lenyewe ni jepesi: kabla serikali haijaamua kujenga au kuruhusu jambo kubwa, iandike wazi jambo hilo litaharibu nini, kuna njia gani nyingine, na wananchi wapate nafasi ya kusema. Mahakama ya Juu ya kule ilieleza mwaka 1989 kwamba sheria hiyo inazuia uamuzi wa gizani, haizuii uamuzi mbaya. Yaani ukishaangalia madhara yote na kuyaandika, bado unaweza kuamua vibaya.

Kwetu Kenya mambo ni makali zaidi kidogo kwa sababu ripoti imefungwa na leseni. Sheria ya mazingira ya 1999, ile ya EMCA, kifungu cha 58, inasema mradi ulioorodheshwa hauanzi bila leseni ya NEMA, na leseni haitoki bila ripoti. Katiba ya 2010 nayo inakupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, haki ya kupata taarifa katika cha 35, na katika cha 69 inaitaka serikali ihimize wananchi washiriki. Kwa hiyo hapana, ripoti si ruhusa. Ni ombi lenye maelezo. Uamuzi unakuja baadaye, na ninyi mna nafasi hapo katikati.

BiDodoso alijibu:

Kaka yangu, mimi ni mmoja wa hao "watu wa mazingira". Si yule mwenye muhuri. Mimi ni yule dada anayepita nyumba kwa nyumba na dodoso na kalamu, anayekuuliza unakunywa maji ya wapi na una mbuzi wangapi. Kazi hiyo nimeifanya Kilifi, Kwale na Taita Taveta, chini ya wataalamu wazuri sana na wengine ambao nisingewaachia wapime hata ua wa nyumba yangu. Nitakueleza inavyokwenda, kisha uamue mwenyewe.

Anayeandika ripoti ni mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Anayemlipa ni mwenye mradi. NEMA haiandiki, NEMA inasoma na kuamua. Watu wakisikia hivyo huruka: basi ni uongo mtupu! Si lazima. Kulipwa na mwenye mradi hakumgeuzi mtu kuwa mwongo, lakini kunamtia haraka, na haraka ndiyo inayoharibu ripoti nyingi kuliko rushwa. Nimeona ripoti ya kiwanja cha huku Pwani inayozungumzia samaki wa ziwani, kwa sababu aliyeiandika alianza na faili la kazi yake ya Kisumu. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na tarehe ya kuwasilisha.

Kwa hiyo usianze kusoma ukurasa wa kwanza. Huko mbele kuna sifa za mradi, mvua ya Kilifi, historia ya sheria. Anza nyuma. Tafuta jedwali refu linaloitwa mpango wa usimamizi wa mazingira. Lina safu: athari ni ipi, hatua gani itachukuliwa, na nani, lini, kwa gharama gani. Hayo matatu ya mwisho, muda, gharama na mhusika, ni kanuni za 2003 zinazotaka yawemo, si hisani. Kurasa mia mbili zote hizo, jedwali hilo ndilo lenye meno. Masharti ya leseni hujengwa juu yake, na kila mwaka mwenye mradi anatakiwa afanyiwe ukaguzi wa mazingira kuona kama anafanya alichoandika. Lisiloandikwa hapo hakuna mkaguzi atakayeliuliza.

Sasa lisome kama mtu anayekopesha pesa. Nina hakika utakuta mstari wa vumbi, na kwenye hatua wameandika "kumwagia maji barabara kila inapohitajika". Nani anaamua kwamba imehitajika? Dereva wa lori? Mwalimu ambaye darasa lake limejaa unga wa mawe? Dai iandikwe mara ngapi kwa siku wakati wa kiangazi. Halafu uliza swali ambalo sijawahi kulisikia likijibiwa haraka barazani: hayo maji ya kumwagia mtayatoa wapi? Maana kwenye kijiji chenye kisima kimoja kisichokauka, jibu linaweza kuwa ni kisima hicho hicho.

Pili, tafuta sura ya hali ilivyo kabla ya mradi. Wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye hatari kuliko zote kwa sababu ni kipimo kitakachotumika dhidi yenu baadaye. Angalia tarehe. Kama vumbi na hewa vilipimwa mwezi Mei masika yakinyesha, namba zitatoka safi mno wala hazitafanana na Februari yenu. Na kama kisima hakimo, basi siku maji yakipungua ataulizwa mtaalamu, naye atajibu kwa moyo mweupe kwamba rekodi haionyeshi kisima.

Msimngoje awaandikie. Kabla ya baraza, fungeni jiwe kwenye kamba mpime kina cha maji kisimani, mwandike tarehe, na shahidi wawili watie sahihi. Pigeni picha kuta za shule na za nyumba zilizo karibu na kilima, ndani na nje, kila ufa ulivyo leo, na gazeti la siku hiyo lionekane kwenye picha. Baruti ikianza, mabishano ya kwanza huwa ni nyufa, na jibu huwa moja tu: "hizo zilikuwepo". Makaburi vilevile, pigeni picha, na wazee wataje ni ya nani na ya lini.

Tatu, hiyo sura ya saba. Hapo mama yako ana haki na mjomba wako ana haki. Barazani hupitishwa karatasi ya mahudhurio. Saini yako pale haisemi ndiyo wala haisemi la, inasema tu ulikuwepo. Lakini karatasi hiyo hubandikwa mwishoni mwa ripoti kama kiambatisho, na msomaji aliye ofisini Nairobi anakutana kwanza na sentensi "wananchi waliunga mkono" kisha anaona majina mia moja na saini zake. Unadhani ataelewa nini? Nendeni, tena nendeni wengi, ila kando ya jina lako andika kwa mkono wako: "nimehudhuria, nina pingamizi, tazama barua". Hakuna wa kukuzuia.

Halafu kuna karatasi ya pili, ya nauli. Inapitishwa mwishoni watu wakiwa wamechoka na jua, mtu anasaini huku akinyoosha mkono wa pili kupokea mia tatu. Soma kichwa cha karatasi kabla hujasaini. Kama kichwa hakipo, usisaini mpaka kiandikwe. Mmoja wenu aandike kumbukumbu zenu wenyewe, na kabla ya dua ya kufunga ombeni kumbukumbu za kampuni zisomwe kwa sauti.

Kwa mradi unaohitaji utafiti kamili, kanuni zinataka mikutano isipungue mitatu na watu watakaoathirika, mabango yabandikwe, tangazo litoke gazetini na redioni, redioni kwa lugha ya wenyeji pia. Ripoti ikishafika NEMA, inatangazwa tena na wananchi wanapewa siku 30 za kuleta maoni. Mradi mdogo huishia kwenye ripoti fupi na haupiti njia yote hiyo. Kwa hiyo swali lako la kwanza Jumamosi liwe: hii ni ripoti ya daraja gani? La pili: muhtasari wa lugha nyepesi uko wapi? Kanuni zinautaka uambatane na utafiti kamili, na mara nyingi unakuwepo, umelala tu kwenye kompyuta ya mtu.

mvuvi_wa_Amu alijibu:

Salamu kutoka Lamu. Hiyo sura ya saba yenu imenikumbusha yetu.

Sisi tuliletewa mradi wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi. Makaa yenyewe yaanze kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini, na maji ya moto ya mtambo yarudi baharini. Mikutano ilifanyika, hatukatai. Watu walikaa kwenye viti, wakaelezwa faida. Lakini wakati huo utafiti wenyewe ulikuwa bado haujafanywa, kwa hiyo hakukuwa na cha kukijibu. Utamuuliza mtu vipi kuhusu joto la maji na samaki wa mikokoni kama hajakuonyesha kipimo? NEMA ikatoa leseni Septemba 2016.

Save Lamu, shirika la wenyeji, na wenzao watano wakakata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kwenye utafiti wenyewe. Jopo lilisema kwa maana hii, kwamba ripoti hata iwe nene na ya kupendeza namna gani, bila wananchi inakuwa imezaliwa mfu. Likasema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikaambiwa kama bado inautaka mradi, ianze utafiti upya.

Kwa hiyo Pweza Mkavu, mwenye pesa hakupita. Wala haikuwa rahisi, wazee wetu walipanda ndege na mabasi kufuata kesi hiyo miaka karibu mitatu. Lakini makaa hayakuja.

Muhimu kwa ndugu yetu wa Kilifi: rufaa ya kupinga leseni ina siku 60. Usikae ukasubiri uone lori la kwanza. Mwambie mtu mmoja kazi yake iwe kuulizia NEMA ya kaunti kila wiki kama leseni imetoka.

dereva_wa_tipa alijibu:

Naomba na mimi niseme. Mnapinga tu kila kitu. Mimi nabeba kokoto, nina watoto watatu shuleni. Hizo nyumba mnazojenga mnataka kokoto zitoke mbinguni? Vijana wa hapo kwenu wamekaa vijiweni.

BiDodoso alijibu:

Kaka dereva, hakuna aliyesema timbo lisifunguliwe. Soma tena swali, mtu ameuliza kisima kiko wapi kwenye ripoti.

Na la ajira umelileta vizuri. "Ajira kwa wenyeji" ndiyo ahadi inayotajwa zaidi barazani na inayokosekana zaidi kwenye jedwali. Itakuwa vijana wangapi, kazi gani, kwa mkataba wa muda gani, na watavaa nini puani wakiwa kwenye krasha? Kama ahadi ni ya kweli, iandikwe mstari mmoja na safu zake. Wewe mwenye tipa ungekuwa wa kwanza kudai mstari huo, maana barabara ikifungwa na wenyeji kwa hasira, tipa yako ndiyo itakayolala.

Nenda Mombasa uulize mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba za watu 2007 bila utafiti huu wa mazingira kufanywa kwanza. Ajira zilikuwepo. Na sumu ya madini ya risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hebu fikiria hesabu hiyo na gharama ya kufanya utafiti kabla.

wakili_mtarajiwa alijibu:

Niongeze kwa mwenye swali: sura ya saba kuandikwa kabla ya mkutano ni ushahidi, usiupoteze kwa kuupigia kelele mapema. Hifadhi faili ulilotumiwa pamoja na ujumbe wenyewe wa WhatsApp unaoonyesha tarehe. Usimtaje kijana aliyekutumia, hata hapa. Baada ya baraza omba nakala ya ripoti rasmi kwenye ofisi ya NEMA ya kaunti, sheria inakuruhusu kuiona, kisha linganisha.

mwana_wa_mkwajuni alijibu:

Asanteni sana nyote, hasa dada BiDodoso. Baraza limeisha, nawapa habari.

Tulikwenda wengi, mama naye akaja. Mtaalamu alikuwa mtu mpole, kwa kweli sikumchukia. Alieleza kwa Kiswahili kizuri. Nilipouliza maji ya kumwagia barabara yatatoka wapi, alimgeukia mtu wa kampuni, mtu wa kampuni akasema "tutachimba kisima cha mashine". Wapi? Hapo hapo chini ya kilima. Baraza zima likaguna. Mama akasimama akasema kisima chake ni cha watu wote na kwenye karatasi yao hakipo. Mtaalamu akaomba aonyeshwe, tukamshusha, akapiga picha na kuchukua alama za GPS. Aliona makaburi pia. Amesema atarekebisha. Tutaona.

Karatasi ya mahudhurio watu wengi waliandika "nina pingamizi". Karibu nusu hivi. Yule wa kampuni alitaka kuleta karatasi mpya akisema ile "imechafuliwa", lakini naibu wa chifu mwenyewe akakataa, akasema maandishi ya wananchi yabaki. Sikulitarajia hilo. Ya nauli haikuwa na kichwa, tukakiandika wenyewe.

Kuhusu sura ya saba nilikaa kimya kama nilivyoshauriwa. Sasa tunaandika barua ya maoni kwa NEMA. Swali langu la mwisho: wazee wengi hawajui kuandika, wataweka dole gumba. Litahesabiwa?

BiDodoso alijibu:

Litahesabiwa. Kando ya kila dole andikeni jina kamili, nambari ya kitambulisho na anapoishi, na mtu aliyesoma barua kwa sauti kwa Kigiriama aandike mwishoni kwamba yeye ndiye aliyewasomea, na tarehe. Barua isiseme "tunapinga" tu, hiyo hujibiwa kwa mstari mmoja. Itaje ukurasa: ukurasa fulani hauna kisima, jedwali halisemi maji yatatoka wapi, kisima cha mashine kikichimbwa chini ya kilima nani atapima kina cha kisima cha watu na mara ngapi. Ambatisha picha na kile kipimo cha kamba.

Pelekeni nakala mbili ofisini, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Wakisema mwenye muhuri hayupo, ulizeni atarudi saa ngapi na mkae.